Dohani ya Watu Wazima

Kwa Kalathoumi, wanadamu ni wa namna mbili: wanaopitisha hewa na wanaoziba mlango. Hakuyasoma hayo chuoni. Aliyapata kwa kaka yake Mchangama, fundi wa dohani, Mungu amlaze pema, ambaye hakuacha shamba wala duka. Aliacha dohani kumi na moja kisiwani Nosy Be, kuanzia tanuri za mikate za mjini hadi vibanda wanakochemshia maua ya mlangilangi kupata manukato, na kila moja moshi wake hutoka umenyooka kama alifu.

Kazi aliijifunzia Mahajanga, kwenye tanuri la mtaani kwao. Kalathoumi, wakati huo bado msichana, alimwuliza moshi unajuaje kwamba njia ni juu. Mchangama akaleta taa ya chemni, akaondoa kioo. Moto ukayumba, ukatoa masizi. Akarudisha kioo, moto ukatulia.

“Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo inapanda,” alisema. “Ikipanda inaacha nafasi, na nafasi haikubali kukaa tupu. Hewa baridi inaingia chini kuijaza, inapita motoni, nayo inapanda. Bomba likiwa refu, mvuto unazidi. Dohani ni hivyo tu.”

Kisha akachukua kitambaa kibichi, akaziba matundu yaliyo chini ya kioo. Moto ukawa mwekundu, ukafuka, ukafa.

“Moshi hautoki, dada, mpaka hewa iingie.”

Mwishoni mwa mwaka 1976 Wangazidja wa Mahajanga walipokuwa wakiuawa katika ghasia, Kalathoumi alijificha nyuma ya tanuri lile siku nzima, nyumba za jirani zikiwaka. Alitoka hai, lakini kifua hakikutoka naye kizima. Wengi waliosalimika walisafirishwa kwenda visiwani kwao, Ngazidja. Wao wawili walikimbilia Nosy Be kwa shangazi yao, Mchangama akiwa na mwiko na timazi ndani ya mkoba wa mswala. Daktari wa huko hakuzunguka: “Mama, ukivuta tena moshi kama ule, mimi siahidi pumzi.”

Basi Mchangama akaapa kwamba dada yake hatapika tena penye moshi. Kiapo chepesi kwa fundi wa dohani, mtu angedhani. Lakini huyo hajawajua watu wazima wa mtaa wetu.

Kwa desturi ya Ngazidja, mwanamume hawi mtu mzima kwa miaka. Huwa mtu mzima kwa harusi kubwa: achinje ng'ombe, avishe dhahabu, alishe mji mpaka mji ulale chali. Asiyeifanya atafuga mvi, ataota wajukuu, na bado ni mtoto. Barazani hukaa karibu na viatu, na hafungui mdomo. Mchangama alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwa ameifanya. Chaehoi, mwenye miaka thelathini na minane, aliyefanyiwa harusi na kaka zake walioko Marseille, alikuwa mtu mzima kamili, tumbo likitangulia kama shahidi.

Mwaka 1985 watu wazima waliamua kujenga jiko la shughuli ubavuni mwa msikiti. Wanawake walisikiliza baraza wakiwa nyuma ya ukuta wa matundu. Chaehoi alisema dohani isipite paa la msikiti kwa urefu, ni utovu wa adabu. Juu yake iwekwe kuba ya saruji, ipendeze. Na mlango ufungwe wakati wa kupika, madirisha yasiwepo, wageni wasiwaone wake za watu.

Karibu na viatu, mkono ulinyanyuka.

“Keti, mwanangu,” Chaehoi alisema kwa upole. “Wazee wanazungumza.”

Penye wazee haliharibiki neno, husema watu. Lakini wasemao hivyo hawapikii humo.

Jiko likajengwa hivyohivyo. Nyumbani Mchangama alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. “Dohani chini ya paa! Upepo utapanda paa, utashuka, utausukuma moshi urudi ndani. Na juu wameweka kofia, na chini wameziba pua! Hilo si jiko, ni kaburi lenye kuba. Usiende, Kala.”

“Kupika Maulidi ni zamu ya chama chetu cha wanawake, na mimi ndiye mkubwa wa masufuria,” alijibu. “Kaka, wewe tayari ni mtoto. Na mimi nikikimbia zamu, nyumba hii itabaki na nani?”

 Asubuhi ya Maulidi Mchangama alimfungia leso iliyoloweshwa puani, akaenda kukaa pake, karibu na viatu.

Jikoni waliwasha mafiga sita, mlango ukafungwa. Kwanza moshi ulijaa kwenye dari kama mgeni anayetafuta kiti. Kisha ukashuka. Sittina, mwenzake, alicheka akilia: “Kala, mchele uko wapi? Nashika sufuria au nakushika wewe?” Kalathoumi alitaka kumjibu, pumzi ikakataa. Alisikia kifua kikipiga mluzi, akaona tena nyuma ya tanuri, Mahajanga. Akaanza kutamka shahada, neno kwa neno, kwa kubana, isije ikaisha pumzi kabla ya maneno.

Nje, moshi ulipenya chini ya mlango ukafika mikekani, Maulidi yaliposomwa. Watu wazima walilia machozi, na mmoja akamsifu msomaji kwa kisomo kinachogusa moyo. Sittina akapiga ukelele: “Kalathoumi anakufa!”

Mchangama alisimama. Hakuomba ruhusa. Aliung'oa mlango kwa bawaba zake, akamtoa dada yake akiwa amembeba kama mkungu wa ndizi, akamlaza upepo ulipo. Akarudi na nyundo, akapanda paa la jiko, akapiga kuba mara tatu. Vipande vilimwagika uani. Dohani ikakohoa mara moja, kisha ikaanza kuvuta.

“Nani amekupa idhini ya kusema mbele ya wazee?” Chaehoi alifoka, huku akijifuta macho.

“Sijasema neno, mtu mzima,” Mchangama alijibu kutoka juu. “Nimepiga nyundo tu.”

Walimtenga miaka mitatu: asialikwe, asialike. Alhamdulillahi, alisema, nimepumzishwa hotuba. Kalathoumi alipona polepole. Mwaka wa pili watu wazima walileta fundi kutoka ng'ambo, kupitia bandari ya Ankify, akaipandisha dohani ikapita paa la msikiti. Mlango haukurudishwa. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na adabu ya msikiti haikudhurika.

Mwaka huu Mchangama amefariki, mwezi wa Shaabani, akiwa hajafanya harusi kubwa. Inna lillahi. Wali wa khitima ulipikwa katika jiko lilelile, Kalathoumi akiwa mkubwa wa masufuria, miaka sabini na pumzi yake mwenyewe. Chaehoi alisimama mlangoni pa jiko ili kila mtu amsikie, wa nje na wa ndani, akaujaza mlango wote. “Mwanangu Mchangama,” alianza, “sisi wazee tulimthamini sana…”

Mafiga yakaanza kufuka. Kalathoumi alifuta macho, na hayakuwa machozi ya moshi.

“Sittina,” alisema kwa sauti iliyofika barazani, “mwambie mtu mzima asogee. Anaziba hewa.”