Kikombe cha Mtogwa

Mimi Rozalia nina mdomo, sikatai. Ndiyo maana walinichagua kwenye kamati ya kijiji ya kuelimisha vijana kuhusu ulevi. Huku kwetu Iringa, mvua zikishika na mianzi ikaanza kutoa ulanzi, kijana anaweza kulewa kabla jua halijakolea. Nilizunguka vitongoji vyote nikiwasema wazazi, wengine nikawaumbua mbele za watu. Na nilifurahia, Mungu anisamehe.

Nyumbani nilikuwa na Sosthenes, kitinda mimba wangu, miaka kumi na saba na tayari anaokotwa mitaroni. Lawama zote nilimtupia rafiki yake na mnywaji mwenzake Adrian, yatima anayelelewa na bibi yake, aliyekuwa akijifunza useremala kwenye karakana ya kijiji. Jumapili moja nikasimama mkutanoni nikataka afukuzwe karakana. Samaki mmoja akioza wote wameoza, nikasema. Watu wakapiga makofi. Adrian akainamisha kichwa.

Mwenyekiti wetu, mzee Vitus, alipotaka wanaokubali wanyooshe mikono, Sosthenes akasimama. Siku hiyo hakuwa amelewa.

"Mama, Adrian unamwonea. Ulanzi nilianza kwako. Ulikuwa unanipa kikombe kila asubuhi kabla ya shule."

Nikamjibu harakaharaka kwamba ule ulikuwa mtogwa, ulanzi mtamu uliotoka kugemwa, na mtogwa si pombe; nani hapa hakunyweshwa utotoni? Nikaendelea kusema, na huku nasema najisikia mwenyewe. Mtogwa haungoji mtu. Asubuhi mtamu, jioni mkali, na yale masalia ya asubuhi nilikuwa namwekea anywe akirudi shule. Akisinzia juu ya daftari, nasema mtoto amechoka. Nyani haoni kundule, jamani. Aibu ilinipanda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwendea Adrian pale kwenye benchi, nikamwomba msamaha mbele ya kijiji kizima. Nikamwambia mwanangu nimemharibu mwenyewe, yeye hana kosa, abaki karakana.

Hakuninyanyulia macho.

"Tulikuwa tunarudi wote kutoka shule, mama," akasema taratibu. "Ulikuwa unatugawia sawasawa."