Mama Chupa na Kambi ya Televisheni

Jina la Mama Chupa hakupewa na mzazi wake. Alipewa na makuruta, na kwa miaka ishirini na miwili kila kundi jipya lilidhani ndilo lililolibuni. Kila asubuhi alipita mbele ya mstari, akachomoa chupa ya maji kiunoni mwa kila mmoja, akaitikisa karibu na sikio lake. Ikilia, umekwisha. Chupa iliyojaa mpaka mdomoni haitoi sauti. Iliyopungua inapiga chubwi-chubwi, na adui aliyejificha anakusikia kabla wewe hujamwona. Kwa hiyo njiani watu walikunywa chupa moja wakipokezana mpaka ikauke, ndipo wafungue nyingine, na yeye sajini alikunywa wa mwisho, akishaona kwa macho yake kwamba hakuna aliyerukwa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mkufunzi wake, na hakubadilisha hata nukta.

Sasa amestaafu, ana kibanda cha kushona mabegi. Zipu zilizong'oka, mikanda iliyokatika, matako ya mabegi ya shule yaliyotoboka kwa kuburutwa, yote yanaishia kwenye cherehani yake nzito ya kushonea ngozi. Mteja akisahau chupa ndani ya begi, mkono wa Mama Chupa unakwenda wenyewe kuitikisa. Watu wanacheka, naye anacheka nao.

Kilichomtoa kwenye kibanda hicho akaenda kujichanganya na watu wa televisheni ni binti wa mdogo wake, msichana wanayemwita Twiga kwa urefu wake. Twiga ana miaka kumi na tisa, na jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya wanaokwenda mafunzoni jeshini. Alikuwa akililia jambo hilo tangu anasoma. Lakini mama yake, karani wa zahanati, mwanamke mpole anayezungumza polepole, aligoma.

"Dada, mimi ninaye huyu mmoja," alimwambia Mama Chupa. "Simtoi akapigiwe kelele na kufa njaa porini."

"Nani kakwambia wanakufa njaa? Mimi nimekufa njaa?"

"Wewe ni wewe."

Twiga naye akasema bila radhi ya mama yake havuki kizingiti, hata kama nafasi itapotea. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Msichana akawa anazunguka nyumbani kama mgeni, anaosha vyombo visivyo vichafu.

Katikati ya hayo ndipo simu ikaja. Kulikuwa na shindano jipya la televisheni, Kambi ya Chuma: raia kumi na wawili wanapelekwa kambini, wanafanyishwa mazoezi ya kijeshi, wanatolewa mmoja mmoja mpaka abaki mshindi. Walitaka mshauri aliyewahi kufundisha makuruta. Mama Chupa alikuwa ameshafungua mdomo kukataa, akamkumbuka mdogo wake. Jioni ile alimfuata nyumbani.

"Usiamue sasa," alimwambia. "Subiri uone kwa macho yako. Nitasimama palepale nihakikishe wanaonyesha mambo yalivyo. Ukishaona, useme neno lako, nami sitakubishia tena."

Mdogo wake alifikiri sana. "Nikishaona," alisema. Kipindi cha kwanza kilipangwa kurushwa siku nne kabla ya Twiga kutakiwa kuripoti. Kwa hiyo kila kitu sasa kilining'inia kwenye kipindi kimoja cha televisheni, na Mama Chupa ndiye aliyekining'iniza.

Kambi yenyewe ilikuwa machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Siku ya kwanza alikuta lori la maji likimwaga shehena nzima chini ili pawe na tope la kutambalia. Kamanda alikuwa mwigizaji aliyejulikana kwa kutangaza sabuni ya unga. Kofia ameilaza upande usio wake, kifuani nishani ambazo hakuna vita vilivyowahi kuzitoa. Kamera ikizimwa alikuwa kijana wa adabu zake, shikamoo mama, naomba kiti mama. Ikiwashwa alianza kuwatemea watu mate usoni kwa kelele. Mabegi ya mgongoni, makubwa kama magunia ya mkaa, yalikuwa yamejazwa sponji. Mama Chupa aliinua moja kwa kidole kimoja, akalirudisha chini. Hayo aliyameza. Sponji halimuui mtu, na kofia ya upande ni aibu ya mvaaji.

Kwenye chupa hakuweza kumeza. Alikuwa amezijaza zote kumi na mbili mwenyewe. Mwongozaji wa kipindi, kijana mwenye miwani myeusi hata kivulini, akaamuru zimwagwe zibaki robo.

"Mama, chupa ikijaa haitoi sauti," alisema.

"Ndiyo maana inajazwa."

"Sisi tunataka sauti. Maji yakilia mle ndani, mtu aliyekaa sebuleni kwake anashikwa na kiu. Na hawanywi mpaka Kamanda apulize filimbi."

"Robo chupa kwenye jua hili haimfikishi mtu popote."

"Kwani wanakwenda wapi, mama? Wanazunguka machimbo."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayemweleza bibi jinsi ya kutumia lifti. Mama Chupa aliumia kuliko kama angetukanwa. Miaka yote ile alifundisha watu kumi na wawili waondoke na kumi na wawili warudi, na aliye hodari alionekana kwa kumbeba aliyechoka. Hapa walikuwa wakichukua watu kumi na wawili wazima, wanawapukutisha mmoja mmoja, anayeteguka mguu anaonyeshwa akilia, na anayemruka aliyeanguka ndiye anayepigiwa makofi. Halafu wanaliita hilo jeshi. Kama ni mchezo, wauite mchezo. Kuna watu wamezikwa na nguo zile.

Siku ya tatu, saa sita mchana, washiriki walitembezwa kuyazunguka machimbo. Mzunguko ulirudiwa mara ya pili kwa sababu wingu lilipita, mara ya tatu kwa sababu mpiga picha alijikwaa, mara ya nne kwa sababu Kamanda alisahau maneno yake. Hizo sehemu mtazamaji haonyeshwi. Katika mzunguko wa tano Mama Chupa alimwona mwalimu wa chekechea, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akiwachekesha wenzake tangu siku ya kwanza, anatembea upande upande. Uso wake ulikuwa mkavu. Wengine wote wanachuruzika jasho, yeye mkavu kama karatasi, na midomo inataja majina ya watoto wa darasani kwake, mmoja baada ya mwingine, kama anaita mahudhurio.

Mama Chupa alikuwa ameiona ngozi ile mara moja tu maishani, alipokuwa kuruta, kwa mwenzake wa kikosi cha jirani. Yule hakuamka.

"Simama hapohapo!" alipaza sauti iliyogonga kuta za machimbo ikarudi. "Usipige hatua hata moja!"

Akakimbia akaingia mbele ya kamera, mkono uko kiunoni unafungua chupa yake. Akamkalisha chini, akamvua begi, akamlowesha kichwa na shingo, akamnywesha kidogo kidogo. Aliita gari la wagonjwa lililoegeshwa pembeni na msalaba wake mwekundu. Walipofungua milango ya nyuma, ndani kulikuwa na nyaya na masanduku ya taa. Mwalimu alipelekwa hospitali kwa gari la chakula, ameegemea masufuria.

"Umeniharibia picha nzuri ya siku nzima," mwongozaji alimwambia.

Mama Chupa alimtazama mpaka miwani ile ikainama yenyewe. Akachukua mkoba wake akaondoka. Njia nzima alijifariji kwa jambo moja: kamera zilikuwa zinawaka. Angalau mdogo wake ataona mkufunzi anafanya nini mtu wake anapozidiwa.

Jumapili alasiri walikaa sebuleni kwa mdogo wake. Kitambaa cha kufunikia televisheni kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya meza, Twiga kakaa sakafuni kakumbatia magoti yake marefu. Kipindi kikaanza. Tope likaonekana tope kweli, mabegi yakaonekana mazito. Halafu mwalimu wa chekechea akatokea anayumba, midomo inacheza, na juu ya picha hiyo ikaja sauti ya Mama Chupa, imeongezewa mwangwi na ngoma: "Simama hapohapo! Usipige hatua hata moja!" Akaonekana uso kwa karibu, mishipa imemtoka shingoni, mkono uko kiunoni kama anayefungua mkanda wa kumchapia mtu. Chini yakaandikwa: Sajini asiyejua huruma. Picha ikakatwa hapo. Katika iliyofuata, Kamanda wa sabuni alikuwa amepiga goti, mwalimu mikononi mwake, anamnywesha maji na kusema kwamba yeye ni kamanda lakini pia ni binadamu.

Kikaja kipindi cha matangazo.

"Kumbe ndivyo," mdogo wake alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya polepole. "Miaka yote ile, Dada, watoto wa watu ulikuwa ukiwafanyia hivi. Na wangu unataka nimpeleke."

Mama Chupa aliukamata mkoba wake kama anayetaka kuondoka. Mwanamke aliyewahi kuamrisha watu mia tatu kwa mkupuo alikaa kwenye kochi la mdogo wake kama kuruta aliyekamatwa na kosa. Angesema nini? Sauti ni yake, uso ni wake, maneno ni yake. Walimwibia vitu vyake mwenyewe wakamtengenezea navyo mtu mwingine.

Matangazo yakaisha, na kama ilivyo kawaida yao wakarudia kipande kile tangu mwanzo.

"Mama, tazama mkono," Twiga alisema. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kioo. "Mkono wa Mama Mkubwa. Hafungui mkanda. Anafungua chupa."

Mama yake aliinama mbele. Kamanda akapiga goti tena, akanyanyua chupa, na kutoka kwenye spika maji yakasikika waziwazi: chubwi, chubwi.

"Na hiyo umeisikia? Hiyo inalia. Tumesafiri na Mama Mkubwa mara ngapi? Chupa yake imewahi kulia?"

Mdogo wake aligeuka akamtazama dada yake. Kila safari waliyowahi kusafiri pamoja, tangu Twiga ananyonya, alikabidhiwa chupa iliyojaa mpaka mdomoni na kuzuiwa kuifungua mpaka ile nyingine iishe. Alikuwa akilalamika kwamba inamlowesha.

"Aliyempa maji ni nani?" aliuliza.

Ndipo Mama Chupa akasimulia yote, kuanzia lori la maji mpaka nyaya ndani ya gari la wagonjwa. Picha ya Kamanda ilipigwa baadaye, mwalimu mwenyewe alimwambia kwa simu. Walimrudisha alipopata nafuu, wakamlaza kwenye tope jipya. Asingeweza kusema hadharani, kwa kuwa siku ya kwanza wote walitia saini karatasi ya kunyamaza.

"Alikubali kurudi?" mdogo wake aliuliza, macho yamemtoka.

"Walimwambia ndiyo njia pekee ya kuonekana kwamba alimaliza siku."

Mdogo wake akanyanyuka, akazima televisheni, akaifunika na kitambaa chake.

Watu wawili waliamini, lakini sebule zilikuwa nyingi. Jumatatu mama mmoja alifika kibandani akachukua begi la mwanawe kabla halijashonwa. "Sikujua kama ni wewe," alisema, akaondoka na zipu imening'inia. Mama Chupa aliandika barua kwa watu wa kipindi, kurasa tatu, kila jambo na siku yake. Jibu lilikuja kwa simu siku ya pili, sauti changamfu ya msichana wa ofisini: barua wameipata, wanamshukuru, na wanamkaribisha msimu ujao, kwa sababu watazamaji wamempenda sana. Wamempenda vipi? Wanapenda kumchukia, mama, namba zimepanda sana. Alikata simu, akashona mkanda uleule mara tatu mpaka sindano ikavunjika. Hasira hiyo anayo mpaka leo, na hana mpango wa kuiacha.

Alhamisi asubuhi alikwenda kumsindikiza Twiga. Alimkuta msichana mlangoni, begi mgongoni, hathubutu kuinua mguu. Mama yake alikuwa jikoni, na bomba lilikuwa linafunguliwa na kufungwa, linafunguliwa na kufungwa.

Alitoka na chupa mkononi. Akaitikisa karibu na sikio lake, akakunja uso, akarudi ndani kuongeza maji. Alipotoka mara ya pili aliitikisa tena, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaifuta kwa kanga yake na kumfunga Twiga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda, mwanangu, radhi unayo," alisema. "Ila mkufunzi wako akinywa kabla yenu, nipigie simu."