Pikapu ya Baba na Goti la Bibi

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia kule Iramba kwa uji wa uwele na michembe ya viazi, gari lilinyanyuliwa kwa sababu njia ilikuwa mbaya. Leo gari linanyanyuliwa kwa sababu njia ni nzuri na mwenye gari ana muda wa kutazama simu. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa kuwa mmoja wa hao watazama simu ni mume wangu, naye nitamfikia. Kwanza nimalize ya baba.

Baba alikuwa na pikapu nyeupe iliyochoka, yenye kiti kimoja kirefu mbele. Kila siku ya Mungu ilitoka kijijini kwetu kwenda Kiomboi na kurudi. Asubuhi ilibeba kuku kwenye matenga, maziwa kwenye madumu, vitunguu, mwalimu aliyechelewa, na mgonjwa kama yupo. Jioni ilirudi na sabuni, chumvi, mafuta ya taa na yule mwalimu. Sisi watoto tuliijua sauti yake ikiwa bado nyuma ya mawe makubwa. Tuliacha rede katikati, mpira wa matambara ukabaki mchangani, tukakimbia kuidandia. Vumbi lake lilinukia petroli na kinyesi cha kuku, na mpaka leo nikipata harufu ile nasikia njaa, kwa sababu ilimaanisha ugali na mlenda viko karibu kuiva. Wavulana walijitengenezea pikapu zao kwa mabua ya mtama, magurudumu wakayakata kwenye kandambili zilizokatika. Mtoto wa leo ukimpa bua la mtama atakuuliza linachajiwa wapi.

Ubaya wa pikapu ya baba ulikuwa tumbo. Njia yetu ilikuwa na mawe yaliyochomoza katikati, na tumbo lilikuwa likiyakwaruza kwa sauti ambayo mama aliisikia akiwa jikoni. Alikuwa anasema, "Baba yenu huyo anakuja, anachuna ngozi ya gari." Ikafika siku baba akachoka kuziba matobo, akaenda kwa fundi Kiomboi kuuliza namna ya kuinyanyua kwa bei ya mtu wa kawaida.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimweleza baba kwamba mambo ni matatu. La kwanza, kuagiza springi mpya ndefu na shokapu zake kutoka Arusha, na hapo itabidi ng'ombe wauzwe. La pili, kuongeza majani ya springi, yale mapande marefu ya chuma yanayolaliana chini ya bodi, yafunguliwe kwenye lori lililokufa. La tatu, kuchomeka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, gari lisimame kama bibi harusi aliyevalishwa viatu vya kisigino. Baba aliomba ushauri kijiji kizima. Mzee wa kanisa alitoa maoni, mwenye bucha alitoa maoni, hata mganga wa kienyeji alitoa yake, na kati yao hakuna aliyewahi kumiliki hata toroli. Mwisho baba akachagua la pili na la tatu kwa pamoja, kwa hoja kwamba rahisi mbili zikijumlishwa zinakuwa kitu cha maana. Mama akamwambia, "Rahisi huvunja upishi." Baba akamjibu kwamba yeye hapiki.

Basi pikapu ikarudi ndefu. Sina neno jingine. Watoto wadogo walipita chini yake bila kuinama sana. Springi zile za lori hazikuwa na habari kwamba sasa zimebeba kuku, zikaendelea na ugumu wao wa kubeba saruji. Maziwa yalifika Kiomboi yameanza kuwa siagi. Kuku walishushwa wakiwa kimya, wanatazama sehemu moja. Yule mwalimu akaanza kwenda kwa baiskeli, akasema ni kwa ajili ya afya. Lakini tumbo halikugusa tena jiwe, na baba alifurahi jamani. Penye mawe alipunguza mwendo makusudi ili watu wasikie ule ukimya.

Furaha ile iliishia kwa bibi.

Bibi mzaa mama aliishi kwenye nyumba ya tembe mwisho wa kijiji. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye msimamo, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama kibuyu. Hospitali ya Kiomboi walimwambia aende kila Jumatano wamtoe maji na kumfunga upya, na kwamba akikatisha, mguu unaweza kukakamaa asitembee tena. Kila Jumatano, basi, baba alimpitia. Na hapa vijana wa siku hizi nataka mtege sikio. Kwetu mwanaume hakumgusa mama mkwe wake. Hakumpa mkono, hakula naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja alipisha pembeni mpaka mwenzake apite. Sasa hawa wawili walitakiwa kukaa kiti kimoja mpaka Kiomboi. Dawa ikawa mimi. Nilikalishwa katikati yao niwe ukuta, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo mkunjufu kwa sababu iliniepusha na hesabu za Jumatano.

Ukuta wenyewe ulikuwa na kazi ya kupeleka maneno. Bibi alitazama dirishani akasema, "Mwambie baba yako apunguze mwendo." Nikageuka, "Baba, bibi anasema upunguze mwendo." Baba, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alisubiri nimalize ndipo akajibu, "Mwambie bibi yako nimesikia, na kama jua linamchoma apandishe kioo." Nikageuka tena. Njia nzima tulienda hivyo, na sijawahi kuona watu wawili wanaosikilizana kama wale.

Jumatano ya kwanza baada ya pikapu kunyanyuliwa, bibi alitoka na kitenge chake kipya, akafika mlangoni, akasimama. Pale pa kukanyaga palikuwa karibu na kiuno chake. Akainua mguu mzima, ule mbovu ukakataa kubeba mwili. Mama na jirani wakamsukuma kutoka nyuma. Walimsukuma kweli kweli, mpaka kitenge kikafunguka, na mkwe yupo pale pale. Baba aligeukia matenga ya kuku akaanza kuwahesabu kwa sauti. Bibi alifunga kitenge, hakumtazama mtu, akarudi ndani akichechemea.

"Siendi tena," alisema. "Nitakaa hapa na goti langu. Mambo ya kupakiwa kama gunia mbele ya mkwe sikuzaliwa nayo."

Hakuna aliyemgeuza. Mama alimletea kigoda, bibi akasema kinacheza. Akaambiwa apande nyuma kwa kutumia ubao, akauliza kama yeye ni mbuzi. Jumatano ile ikapita bila kufungwa upya, goti likawa jekundu na la moto, na usiku tulimsikia mama akilia jikoni akidhani tumelala. Kuishusha pikapu ilikuwa kumlipa fundi upya, na mawe bado yalikuwa njiani yanasubiri. Baba alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko wote kijijini, angeweza kumnyanyua bibi kama debe la alizeti, na mikono hiyo hiyo ndiyo haikuruhusiwa.  Mama alinuna naye, na mimi nilikuwa na hofu moja tu, kwamba bibi ataanza kutambaa kama mtoto.

Jumanne mchana baba akabeba jembe na sururu akaenda mbele ya tembe la bibi. Akachimba. Alichimba mfereji mmoja mrefu, upana wa tairi, wenye mteremko wa kuingilia na mwinuko wa kutokea. Watu wakakusanyika. Mwenye bucha akacheka mpaka akakaa chini, akasema amemwona mtu analipa kupandisha gari halafu anachimba kulishusha. Baba aliendelea kuchimba.

Kesho yake aliiendesha pikapu taratibu, magurudumu ya kushoto yakashuka kwenye mfereji, ya kulia yakabaki juu. Gari zima likainama upande wa mlango wa bibi. Lilikuwa kama limepiga goti kumwamkia. Bibi alitoka, akatazama mfereji, akatazama gari, akainua mguu mmoja tu kidogo, akakaa.  Ila ndani humo, kwa ule mlalo, kila kitu kilikuwa kinaporomokea kwa bibi, mimi nikiwa wa kwanza. Baba alikuwa ameung'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imetoka, ili asije akamdondokea mama mkwe. Tulipotoka mfereji na gari likakaa sawa, bibi alitazama dirishani, akasema, "Mwambie baba yako, ahsante."

Nikageuka, "Baba, bibi anasema ahsante."

 Baba alikohoa tu, akapiga honi mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kule Kiomboi alikuwa ameshaona mtaro karibu na hospitali wa kuingizia magurudumu. Goti lilipona pole pole, na ule mfereji ukawa kituo cha kijiji. Wajawazito walipandia pale, wazee walipandia pale, hata mwenye bucha alipovunjika mguu alipandia pale, akiwa hacheki. Mvua zikija baba aliuchimba upya.

Sasa nije kwa mume wangu. Tunaishi Singida mjini, tuna pikapu ya kuzungukia kila siku. Asubuhi inaenda dukani kwetu na saruji na mabati, jioni inarudi. Ni lami tupu, na kilima kikubwa kuliko vyote katika safari hiyo ni tuta la mbele ya shule ya msingi. Lakini mwaka huu mume wangu aliingiwa na shetani la kunyanyua. Alitazama video mpaka macho yakavimba. Nilijua habari za springi za majirani wa mbali ambao hatutakutana nao maisha yetu yote. Ile seti kamili ilimshinda bei, akaja na hoja ya bei nafuu: spesa za kuinulia mbele, vipande vya chuma nyuma, tairi pana, na stika ya simba mlangoni. Nikamuuliza simba wa nini. Akasema wewe huelewi.

Ikanyanyuliwa. Tangu hapo mume wangu hapandi gari, anaparamia. Anashika juu, anajivuta, suruali inalalamika. Akifika dukani haegeshi kivulini, anaegesha penye watu. Saruji sasa tunaipakia kwa kukopa kijana mrefu wa duka la jirani.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka kijijini kwa ajili ya kliniki ya macho. Sasa ni bibi mwenyewe, anatembea na fimbo. Tulimfuata stendi kwa ile pikapu. Mume wangu alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akabeba mfuko wa karanga, akafungua mlango wa simba. Mama akasimama. Mimi niliyekuwa ukuta nikajua anachokitazama.

"Mama, shika pale juu ujivute," mume wangu akasema.

Mama akatazama pale juu. "Baba, huko ni mbali."

Nikaona mume wangu anafikiri, nikapata matumaini. Akatoa simu mfukoni, akaita bajaji.

Hivyo ndivyo tulivyoingia mtaani kwetu, mama mbele ndani ya bajaji, ameshika fimbo na mfuko wa karanga, na sisi nyuma yake, juu kabisa, tukiisindikiza bajaji kwa pikapu yenye simba. Majirani wote walikuwa nje. Nilitamani kiti kinimeze.

Usiku huo sikusema. Mama ndiye aliyesema, kesho yake asubuhi, tukiwa tunachambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mume wangu yuko mlangoni anavaa viatu.

"Baba yako alikatazwa kunigusia mama yangu, akatafuta njia akaipata. Huyu mwenzio sijui nani amemkataza."

Mume wangu alifunga kamba za kiatu muda mrefu sana. Siku ya kliniki alimnyanyua mama kwa mikono yake akamkalisha ndani, kwa upole, na mama akacheka kama msichana. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Wakati wetu jambo lile lingeitisha kikao cha ukoo. Na wiki iliyofuata pikapu ilirudishwa kwa fundi, ikashushwa, simba akabaki peke yake mlangoni, karibu na ardhi.

Marafiki zake wakimuuliza anasema imeshushwa kwa sababu ilikuwa inakula mafuta. Wanatikisa vichwa, wanaelewa, mafuta yamepanda. Mimi nipo pale nawapimia misumari, nasikiliza, na ninamkumbuka baba. Yeye alisimama kwenye mfereji mchana kweupe, jasho linamtoka, kijiji kizima kinacheka, na kila aliyepita na kumuuliza anafanya nini alimjibu bila kuinua kichwa: "Mkwe wangu hafiki."