Barua Iliyovaa Nguo za Dalali

Msafiri alikuwa ndio kwanza ameshuka kwenye basi, katika mji ambao hakujua hata soko liko upande gani. Aliingia duka la kwanza lenye mashine ya nakala. Mwenye duka, mwanamke aliyeitwa Mama Chapa, akampa kigoda asubiri mashine ipate moto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwachapia watu barua za kazi, mialiko, na ilani za dalali wa mahakama za kuwatoa watu majumbani.

Mara fundi viatu akaingia, gundi ingali vidoleni, akabwaga karatasi mezani.

"Mama Chapa, umenimaliza!"

"Mbona bado unaongea?"

"Dada anafungasha! Barua uliyonichapia inamwomba msamaha, inamsihi abaki nyumba ya baba, yeye anasema namtimua. Lori linakuja saa nane. Hafungui mlango, barua kanirushia dirishani."

Mama Chapa akaitazama, akakaa. Jana yake alikuwa amechapa ilani kumi na mbili za dalali, na barua ya fundi ikafuata bila yeye kubadili herufi: nene, nyeusi, na juu kabisa, kwa mstari chini yake, KUHUSU NYUMBA YA BABA. Dada hakusoma zaidi ya hapo.

"Maneno ni yako," alisema. "Nguo nimeyavika za dalali. Kosa langu."

Akaifungua barua kwenye kompyuta, akakifuta kile kichwa. Mengine hakugusa hata neno. Akajaribu herufi za kulala, zenye mikia.

"Za harusi hizo," fundi akasema. "Atadhani naoa."

Akajaribu nyembamba.

"Bili ya maji."

Akajaribu kubwa, za mviringo, zilizoachiana nafasi.

"Hizi za kitabu cha darasa la kwanza," fundi alisema. "Dada ndiye aliyekuwa akinishika kidole nikisoma." Akainamia kioo cha kompyuta na kusoma maneno yake mwenyewe, sauti ikimshuka: "Dada yangu, nilikosa..."

Ilikuwa saa saba na nusu. Mama Chapa akaichomoa karatasi ingali ya moto, akajitupia mtandio.

"Naipeleka mwenyewe. Wewe nifuate kwa mbali, akikuona tu atapandisha hasira." Akamgeukia msafiri. "Na wewe mgeni, nakala yako ikitoka jihudumie. Akija mtu, mwambie nimekwenda kurekebisha herufi."

Akatoka mbio, barua kaishika kwa mikono miwili isikunjike. Msafiri akabaki kwenye kigoda, akilinda duka la mtu asiyemjua.