Siku Nyanya Alipokataa Kuimba

Mwezi uliopita nilikuwa mjini Kakamega, nimesimama kwa mama anayeuza ndizi kando ya barabara, mara bodaboda wakaanza kupiga honi kutoka chini mpaka juu. Nikadhani ni harusi. Mama wa ndizi akanisogezea simu yake: mwizi aliyekuwa akisumbua mtaa wao ameuawa, picha yake ndiyo hii. Huyu muuza ndizi alikuwa mama mpole, rozari shingoni, na alikuwa akitabasamu. Sikuitazama ile picha. Mikono yangu ilikuwa imeshika baridi, na nilijua baridi hiyo ilianzia wapi. Ilianzia Musanda, kwa nyanya yangu, mwaka niliokuwa darasa la nne.

Nyanya tulimwita Kukhu, kama wajukuu wote wa kwetu wanavyoita nyanya zao. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi mbali, kwa hiyo nilikaa naye, sisi wawili tu, katika nyumba ya mabati iliyozungukwa na miwa. Ukifungua dirisha unaona majani ya miwa na kipande cha anga. Ah, rafiki yangu, mimi nilipapenda pale. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya molasi kutoka kiwanda cha sukari, nzito, tamu mpaka inachosha. Jioni nilichambua mboga ya mrenda huku Kukhu akisonga obusuma na kuimba nyimbo za kanisa kwa kufuata mwiko, na wimbo haukuisha mpaka ugali uive.

Halafu akatokea yule wa ng'ambo ya mto. Jina lake halikutajwa. Hata mchungaji, akiomba, alisema "yule anayetusumbua". Alikuwa kijana wa pale pale, amelelewa kanisani kwetu, mama yake alikaa benchi la mbele na akina mama wenzake. Sasa alikuwa na genge lililojificha ndani ya miwa na mapanga. Tukaanza kupika jua likiwa juu bado. Tukishakula, Kukhu anazima moto na kusukuma kinu nyuma ya mlango. Mbwa akibweka tuliacha kutafuna. Na wewe unajua miwa: hata panya akipita, majani yanalia kama mtu anatembea. Tulisikia watu kila siku ambao hawakuwapo, mpaka siku moja wakawapo. Hawakuja kwetu. Walikwenda kwa mama jirani yetu, wakamkata mume wake mlangoni pake mwenyewe, mzee aliyekuwa akituletea maziwa.

Baada ya mazishi hayo maombi ya Kukhu yalibadilika. Tulipiga magoti kama kawaida, lakini hakuombea tena mvua wala wagonjwa. Alisema, "Baba, mwondoe. Mwondoe kabisa." Sauti yake ilikuwa ya chini na ngumu, nami niliitikia Amina haraka ili tumalize.

Jumamosi moja asubuhi tukasikia ngoma. Zilikuwa isukuti, zinatoka upande wa soko, na vigelegele juu yake. Yule wa ng'ambo alikuwa amepigwa risasi karibu na Butere. Watu walijaa barabarani na matawi mikononi. Jirani yetu mjane alikuwa katikati, kitambaa kimemdondoka kichwani, anacheza huku machozi yanamtiririka. Lakini aliyenitisha ni mwalimu wetu wa dini, mtu ambaye hata darasani hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa amebeba gogo la mgomba lililovishwa shati kama ndiye yeye. Alilitupa chini, na watu wazima wakaanza kulipiga kwa fimbo wakicheka, mpaka maji ya mgomba yakaruka na kuwapata usoni. Mwalimu aliniona. "Njoo nawe upige," akaniita, na hakuwa na sauti niliyoijua.

Nilikimbia ndani. Kukhu alikuwa amefika kabla yangu. Alifunga mlango, mchana ule mweupe, akasukuma kinu mahali pake.

"Kukhu, si amekufa?"

"Amekufa."

"Sasa tunafungia nani?"

Alikaa juu ya kinu. "Mimi nilikuwa naombanga afe," alisema. "Kila siku, na wewe hapa kando yangu. Sasa amekufa na naogopa, mjukuu wangu. Sijui ni nani amenisikia."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa maneno hayo. Yule wa ng'ambo nilimwogopa kwa sababu ya panga, lakini Kukhu ndiye aliyekuwa akinikinga, na sasa Kukhu mwenyewe alikuwa anajificha.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka nje. Mchungaji alisema tutaanza na wimbo wa shukrani, na watu wote wakasimama. Kukhu akabaki ameketi. Nikamvuta nguo, hakuinuka. Mchungaji alimwona, akashusha kitabu cha nyimbo.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mchungaji. Mama yake hayuko, kiti chake ni hiki kando yangu. Tutaimba aje na yeye ako kwake analia?"

"Mama, watu hapa wameumia sana."

"Najua. Mimi pia niliomba aondolewe. Na wewe uliomba, nilikusikia. Kuimba tena juu ya hayo, mimi siwezi."

Bati lililia kwa jua. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma. "Basi nenda ukamzike wewe." Watu wengine wakacheka. Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga, na wimbo ule haukuimbwa.

Maiti ililetwa siku ya mazishi kwa pikapu iliyoishusha na kuondoka mbio. Hakuna mtu aliyekubali kuchimba kaburi. Vijana walikuwa wamesema wazi kwamba nyumba ile itachomwa, na atakayekutwa ndani asilaumu mtu. Kukhu akachinja ingokho, jogoo wake mkubwa, akapika, akanipa sufuria nibebe. Nilimwambia naogopa. Akasema, "Hata mimi," na tukaenda.

Mama wa marehemu tulimkuta sakafuni peke yake, ameziba mdomo kwa leso. Alilia bila sauti, kwa kuogopa kusikika. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio wa jembe. Nilichungulia, nikamwona mchungaji, amekunja suruali, ndani ya shimo hadi magotini. Hakuna aliyemwita. Aliniangalia kama mtu aliyekutwa mahali asipotakiwa, akaendelea kuchimba.

Tukasikia ngoma zinakuja kupitia miwa. Vijana walitokea uani, mbele yao mmoja na mtungi wa mafuta ya taa. Wengi niliwajua. Mmoja alikuwa akinisaidia kuvuka mto mvua ikinyesha, lakini siku hiyo alinitazama kama hajawahi kuniona. Kukhu alitoka, akasimama mlangoni, mkono wangu ndani ya mkono wake uliolowa jasho.

"Toka hapo, mama," wakamwambia.

Ndipo jirani yetu mjane akatokea kwenye njia, anahema, na nguo zake za matanga.

"Mnataka kuchoma nini?"

"Nyumba ya muuaji, mama. Ni kwa ajili ya mzee wako."

"Mzee wangu hajawatuma," alisema. "Mimi Jumamosi nilicheza na nyinyi, na hata leo sijutii. Simlilii huyu. Lakini mama yake hakuniulia mtu. Rudini nyumbani."

Walisimama. Aliyeshika mtungi alimtazama mwenzake, mwenzake akatazama chini. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Waliondoka mmoja mmoja, wakijifanya hawana haraka.

Kukhu alimwita jirani aingie. Akatikisa kichwa. "Usinisukume, mama. Nimefika hapa tu." Alisimama nje ya ua mpaka udongo ukarudishwa, kisha akaenda zake.

Baadaye wako akina mama walioacha kutusalimia, na kwa muda mrefu nilikwenda kuchota maji peke yangu. Jioni Kukhu alipiga magoti, akasema, "Baba, unajua," basi. Hakuniomba niitikie.

Leo sehemu kubwa ya miwa ile imeng'olewa, ni mahindi na mikaratusi tu. Mama wa marehemu alirudi kwa watu wake, nyumba ikaanguka, na ukipita huwezi kujua palikuwa na boma. Mchungaji alihamishwa. Kukhu tulimzika kando ya jikoni lake. Jirani bado yuko. Nilimtembelea juzi, tukanywa chai, na nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote: kwa nini alikuja siku ile, yeye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kufurahi?

Aliugeukia mlango.

"Walipita hapa kwangu wakienda," alisema. "Walikuja kuniita nikaone. Nikawaangalia nyuso, na hao ni watoto nawajua tangu wazaliwe. Walikuwa na yale macho. Mimi nilishayaona mara moja, kwa huu mlango, siku walipokuja kumkata mzee."