Fundi wa Mapipa

Kwetu Komoro neno fundi lina mabega mapana. Linambeba seremala na mwashi, na linambeba vilevile mwalimu wa dini anayesomesha Kurani. Mimi, Ibouroi wa Mutsamudu, nilijipenyeza katikati ya hao bila kujua, nikakaa humo kwa raha zangu, napokea heshima ya mtu mwingine.

Mambo yalianzia Moroni, kwa Musyu Perrin, mwalimu wa hesabu Mfaransa aliyekaa upande wa kwendea Ikoni. Baada ya uhuru meli za kwao zilipungua na bia ikaadimika, basi akaanza kuipika mwenyewe jikoni kwa shayiri na hamira. Mimi aliniajiri nifagie ua. Kwa kuwa nilikuwa mdadisi kuliko mfagiaji, haukupita muda nikawa mtunza mapipa yake. Yalikuwa mapipa madogo ya chuma, kila moja na kichwa chake cha kufungia, bomba linaloshuka hadi chini, na mpira wa duara wa kuzuia gesi isitoroke. Nilifungua, nikasugua kwa magadi, nikasuuza kwa maji ya moto, nikapaka mpira mafuta, nikafunga tena, nikajaza gesi, kisha nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama panavuja. Bia yenyewe sikuionja. Niliishia kunusa, na kwa kunusa huko nikajiona mchamungu.

Majirani wakaniita Fundi Ibouroi, na kichwa kikanivimba. Kila msafiri aliyekwenda Nzwani, kisiwani kwetu, nilimpa salamu, naye alizifikisha pamoja na habari kwamba Ibouroi sasa ni fundi mkubwa huko Moroni.

Habari hizo zilimfikia Mzee Chabane, msomi mwenye chuo cha Kurani pale Mutsamudu. Zamani alikuwa amekataa kuniozesha binti yake Zoubeida, kwa sababu nilitoroka chuoni kwake kabla ya kumaliza hata juzuu moja. Zoubeida nilimpenda tangu sijaota ndevu, na ile hapana ya baba yake sikuimeza hata siku moja. Lakini sasa serikali ya Ali Soilih ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa za dhahabu na ng'ombe, kwa hiyo mzee hakubakiwa na kipimo cha mkwe ila elimu. Aliposikia nimekuwa fundi, akatuma neno nije. Nami nilidhani Mutsamudu imestaarabika, imeanza kuthamini mapipa.

Musyu Perrin alipofunga virago kurudi kwao aliniachia pipa moja. Nililijaza juisi ya tangawizi yenye sukari tele, zawadi ya wakwe, nikavuka nalo bahari juani.

Ukumbini kwa Mzee Chabane walikuwa wamekaa wazee wa mji, nami nikawekwa mbele kabisa. Zoubeida alikuwa nyuma ya pazia pamoja na mama yake. Mzee akaniuliza kazi yangu naianzia wapi. Nikasema naianzia kwenye usafi, kwani pasipo usafi yote yanaharibika. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali, wakakumbuka mlango wa tohara unaofungua vitabu vya dini. Akauliza kinachofuata. Nikasema ni subira, maana ukikifungua kitu kabla ya wakati wake kitakurukia usoni. Mzee mmoja alifuta machozi. Mimi nikazidi kutanua kifua, nikatangaza kwamba nimekuja na matunda ya kazi yangu, nikalivuta pipa katikati ya mkeka.

Sasa, huyu fundi hodari alikuwa hajabadilisha ule mpira. Hamira ya Musyu ilijificha humo, ikakutana na sukari, ikakutana na jua la safarini. Nilipolegeza kichwa cha pipa tu, povu likaruka hadi darini na kushukia kanzu za wazee. Harufu haikuhitaji kutambulishwa.

"Wewe ni fundi wa nini?" akauliza Mzee Chabane, huku akijifuta ndevu.

"Wa mapipa ya bia, mzee."

Wazee wakaondoka kwenda kujitoharisha. Niliinamisha kichwa nikitamani ardhi inimeze, si kwa aibu tu, bali kwa sababu nilijua Zoubeida nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee alimaliza kufuta ndevu zake. Mwishowe akasema ameshauambia mji mzima kwamba mkwe wake ni fundi, na yeye hajazoea kusema uongo. Kwa hiyo kesho niende chuoni nikamalize nilichokikimbia, halafu tutaona.

Basi mimi na masharubu yangu tukakaa mkekani na watoto, tukaanza alifu. Watoto walinicheka, na walikuwa na haki, kwani walinipita wote.

Nilikuwa bado ninahangaika na juzuu ya Amma serikali ilipopinduliwa, mwaka wa sabini na nane. Mara harusi kubwa zikarudi midomoni mwa watu, na mfanyabiashara mmoja wa Ouani mwenye dhahabu yake akaanza kutajwa nyumbani kwa kina Zoubeida. Mzee aliponiita nilijua ananiita kuniaga.

"Soma," akasema.

Nikaanza sura ya An-Nabai. Katikati nikateleza. Kabla mzee hajafungua mdomo, sauti ya Zoubeida ikatoka nyuma ya pazia, ikanisahihisha, ikanisubiri. Nikaendelea. Nikateleza tena, akanidaka tena, hivyo hivyo mpaka tukafika mwisho.

Mzee aliliangalia pazia, kisha akaniangalia mimi.

"Nimehangaika kuitafutia nyumba hii fundi," akasema, "kumbe yumo ndani na nimemsomesha mwenyewe. Hamia kwake akumalizie."

Kwetu mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, nami nilihamia upesi mzee asije akabadili nia. Sura ile sasa naijua yote. Lakini kila nikiisoma, nikifika pale nilipoteleza nasita kusudi, nikae nimsikie.