Jile Yangu Njiani Kituku

Binti wa miaka kumi na minane, wa familia iliyokimbia Rutshuru, alikuwa hajavuka lango la kwao, mtaa wa Majengo hapa Goma, kwa miezi minne. Akilikaribia tu, moyo ulimwenda mbio na pumzi zikambana, akarudi ndani. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Mama yake aliniomba jambo moja: binti afike kwenye chumba cha mtihani kwa miguu yake.

Kazi yangu ni kutembea na vijana wa namna hiyo. Ofisini wanakodolea macho viatu vyangu na hawasemi kitu. Njiani, macho yote yakiwa mbele, maneno hutoka. Siku ya kwanza tuliishia kwa fundi wa pikipiki, nyumba ya tatu. Wiki ya tano tulifika Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, na njia nzima alinisimulia usiku waliokimbia. Nilijiona bingwa, sitaficha.

Nilikuwa nimevaa jile, kizibao chenye jina la shirika mgongoni. Goma hatutoki kikazi bila jile. Ukiivaa, wenye silaha hawakusumbui. Ila shirika letu watu wanalijua kwa kazi nyingine, ya kuwatunza wanawake waliobakwa. Nami niliyezaliwa mji huu huu sikuliwaza hilo hata kidogo. Ujinga mtupu.

Muuza samaki mmoja, mama wa kanisani kwao, alisoma mgongo wangu, kisha akamtazama binti. Akamshika mkono kwa huruma ya kweli.

"Pole, mutoto. Balikuwa bangapi?"

Alimaanisha wabakaji, na hakuna mwanamume aliyewahi kumgusa binti huyu. Nilieleza, nikaeleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo wauzaji wengine walivyosogea kusikiliza. Tulirudi nyumbani. Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imeenea kanisa zima, na shangazi zake wakaja kumlilia.

Asubuhi ya mtihani nilikwenda bila jile. Nilimkuta amevaa sare, amekaa kitandani, mama yake kasimama kando na kalamu mbili mkononi. Nilimsihi twende polepole, kama tulivyozoea.

"Mama, mbele nilikuwa naogopa masasi," akaniambia mimi, mama yake akisikiliza; masasi ndizo risasi. "Masasi inaishaka. Sasa niko naogopa batu, na batu niko nabo kila siku."

Tulikaa pale watatu mpaka saa ya kuingia mtihani ikapita. Kisha mama yake akaniomba, kwa upole, nisirudi tena.